Mkaguzi Ndani ya Bafu

Baba alikagua shule kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba ukaguzi nao umestaafu. Wiki ya kwanza alikagua friji. Wiki ya pili alikagua majirani, mpaka mmoja wao akaanza kupita njia ya nyuma kila akitoka dukani. Wiki ya tatu akafunga tai, akachukua daftari lake lenye jalada gumu, akaenda kwenye karakana ya Mama, akavuta kiti katikati ya vyerehani, na hakuondoka tena.

Mama ni fundi cherehani. Karakana ile aliianzisha kabla mimi sijazaliwa: chumba kimoja kirefu chenye dirisha la kioo, meza ya kukatia vitambaa, pasi nzito kama dhambi, na wasichana wawili wasaidizi wanaocheka zaidi kuliko wanavyoshona. Baba alipoingia, kicheko kikakoma. Alianza kuwapa alama. Mshono wa kola, sita juu ya kumi. Kuchelewa dakika nne, onyo la kwanza. Bibi harusi mmoja aliyekuja kupimwa gauni aliambiwa asimame wima kama mtu aliyelelewa. Akasimama wima, akatoka wima, akaenda kushonesha kwingine.

Mama alijaribu kuzungumza naye. Lakini Baba ana kipaji chake: mazungumzo yakianza kumwelekea yeye, anaondoka. Hagombi, hapandishi sauti. Anatazama saa, anasema, "Hilo tutalijadili," halafu unasikia mlango. Katika miaka arobaini ya ndoa Mama amejadiliana na milango mingi sana.

Ndiyo maana kaka yangu alipoleta wazo la kwenda ziwani mwisho wa wiki, sisi wanne tu, nilijua anakoelekea.

"Hewa safi, maji, samaki wa kukaanga," aliniambia kwenye simu. "Tunamkalisha mzee mahali pazuri, analainika, tunamwambia kwa upole aiache karakana."

Kaka anauza bima. Anaamini hakuna binadamu asiyelainika ukimweka mbele ya mandhari.

Tulifika Ijumaa alasiri. Kijiji chenyewe kilikuwa barabara moja ya vumbi inayoteremka mpaka majini, duka moja, mitumbwi iliyolazwa kifudifudi, na nyumba ya wageni yenye vyumba vitano vya mbao vilivyopakwa rangi ya buluu. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyevaa viatu vya mpira vya rangi mbili tofauti na hakuona haja ya kueleza kwa nini. Alitutembeza vyumbani, Baba nyuma yake na daftari.

"Kitasa kimelegea," Baba akasema. "Neti ina tundu. Picha ile imepinda."

"Na bata ana hasira," mwenye nyumba akaongeza, kana kwamba anamsaidia kujaza orodha. "Si mnamwona pale? Tunamwita Mwenyekiti. Mke wake analalia mayai nyuma ya bafu la nje, kwa hiyo msimkazie macho."

Tukatazama. Bata bukini mkubwa, mweupe, shingo kama bomba la moshi, alikuwa amesimama katikati ya ua akituangalia kama watu tulioingia kikaoni bila barua. Baba akaandika: *Ndege asiyedhibitiwa.*

Jioni ile Kaka alitugawia ratiba aliyoichapa ofisini. Jumamosi: saa mbili chai, saa nne mtumbwi, saa saba samaki, saa tisa "mazungumzo ya wazi". Mama aliisoma, akafunika nayo kikombe chake nzi wasiingie.

Asubuhi, saa moja hivi, bomba la chumbani kwa Baba na Mama lilikohoa mara mbili, likatema kutu, likanyamaza. Baba si mtu wa kunawa uso akasema ameoga. Akajifunga taulo, akachukua sabuni yake, akavuka ua kwenda bafu la nje. Lilikuwa kibanda cha matofali chenye mlango wa bati na kidirisha cha ukubwa wa kitabu. Mwenye nyumba alikuwa ameshaondoka kwenda soko la kijiji cha pili.

Tulisikia maji. Tulisikia Baba akikohoa kikohozi chake cha usafi. Kisha mlango ukalia kufunguka, ikafuata sauti kama honi ya lori bovu, na mlango ukabamizwa tena.

"Kuna ndege hapa!" Baba akatangaza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinyamazishia shule nzima.

Kaka alijitosa kwanza. Alichukua mwavuli wa Mama, akaufungua mbele yake kama ngao, akasonga hatua kwa hatua akisema "taratibu, taratibu," kana kwamba anamuuzia bata bima ya maisha. Mwenyekiti alimwacha akaribie. Kisha akauzunguka mwavuli na kumpata Kaka mahali ambapo mwavuli haukufika. Sijawahi kumwona kaka yangu akikimbia vile, na tumekua pamoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni la maji baridi lililokuwa barazani, akaketi humo na suruali yake.

Mimi ni fundi wa lifti, na sehemu ya kazi yangu ni kuwatoa watu waliokwama. Nilikwenda chumbani nikatoa godoro. Nilitaka nilishike wima mbele ya mlango, Baba apite nyuma yake, basi. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nilipofika barazani Mama akanishika mkono.

"Weka chini hilo godoro."

"Mama, Baba ana taulo tu."

"Najua alicho nacho. Nilikiona kabla yako."

Akachukua kiti cha plastiki, kikombe chake cha chai na nusu ya mkate. Akavuka ua polepole, akimrushia Mwenyekiti vipande njia nzima, akaketi hatua tano kutoka mlango wa bafu. Bata alimpima, akaona huyu ana mkate, akamwacha.

"Nani huyo?" Baba akauliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mwambie kijana wako alete fimbo."

"Kijana wangu yuko kwenye beseni. Baba watoto, nataka tuzungumze habari ya karakana."

Nawaapia, mimi na Kaka tulimsikia akitazama saa ambayo hakuwa ameivaa.

"Hilo tutalijadili," akasema.

"Ndiyo. Tunalijadili."

Komeo likasogea. Mlango ukafunguka upana wa kidole. Mwenyekiti akainua shingo, akafoka. Mlango ukafungwa.

Mama akanywa chai kidogo, akaanza. Alisema bila haraka, kama anayefumua mshono asitake kuchana kitambaa. Alisema wasichana wake siku hizi wanakwenda kula chooni ili wasihesabiwe dakika. Alisema wateja watano wameshahama. Alisema ile karakana ndiyo mahali pekee duniani ambapo hakuwa mke wa mkaguzi, wala mama wa mtu, alikuwa fundi, na sasa akiingia asubuhi anakuta kiti kimemtangulia.

"Mimi nawasaidia nidhamu," Baba akasema.

"Husaidii. Unanisimamia."

"Kazi bila usimamizi..."

Mama akarusha kipande cha mkate, kikagonga bati na kuanguka kizingitini. Mwenyekiti akakifuata, akaanza kudonoa mlango. Ta, ta, ta.

"Unamlisha!" Baba akapaza sauti. "Mama watoto, unamlisha huyu mnyama?"

"Ndiyo. Mkate bado upo. Endelea, nakusikiliza."

Kaka ndani ya beseni alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nimeng'ata pindo la godoro. Watu waliokwama nawajua: dakika kumi za mwanzo ni hasira, kumi zinazofuata wanamwahidi Mungu mambo makubwa makubwa, na baada ya hapo wanaanza kusema kweli. Kwa Baba ilichukua karibu saa nzima, maana ni mtu aliyesoma.

Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ndogo, na ilitoka chini, kama ya mtu aliyeketi juu ya ndoo.

"Kwani nikibaki nyumbani nifanye nini?"

Mama akaweka kikombe chini.

"Unaondoka saa mbili kasoro," Baba akaendelea. "Nyumba inanyamaza. Zamani simu ilikuwa hainiachi nile. Sasa haiiti, na ikiita ni mtu amekosea namba. Nimehesabu vigae vya jikoni. Mia mbili na kumi na sita. Kimoja kimewekwa upande." Akaongeza, "Nawahesabu mara kwa mara." Alichanganya vigae na watu, Baba aliyekuwa akisahihisha sarufi mpaka kwenye kadi za rambirambi.

Kicheko kilinikauka. Kaka aliinuka kwenye beseni, maji yakimchuruzika, akasimama tu.

"Mbona hukuniambia?" Mama akauliza.

"Ningekwambia lini? Ukishakaa kwenye cherehani huna masikio."

"Hilo kweli," Mama akakubali. Alikivunjavunja kile kipande cha mwisho cha mkate mapajani mwake bila kukirusha. "Basi sikiliza. Nakuonea huruma. Na bado sikutaki kwenye karakana yangu. Yote mawili kwa pamoja."

"Nimesikia."

"Umesikia nini? Sentensi kamili."

Kisha kutoka ndani ya bafu, neno kwa neno, kama anayesomewa imla:

"Sitakwenda. Tena. Kukagua. Karakana. Yako."

Mwenye nyumba alirudi karibu saa nne, kikapu kichwani. Alituona: mtu na beseni, mtu na godoro, bibi na kiti mbele ya bafu. Alimwendea Mwenyekiti, akambana kwapani kama mkoba, akaondoka naye huku bata akiwa ametulia tuli, shingo ikining'inia nyuma.

Baba akatoka. Alikuwa amejifunga taulo upya, sawasawa, ncha imekunjwa kwa ndani. Alipita katikati yetu akitazama mbele.

"Ahadi iliyotolewa kwa vitisho vya ndege haina nguvu," akasema.

"Mwite mwenye nyumba," Mama akaniambia. "Mwambie bado tunamhitaji yule bata."

"Nilikuwa natania," Baba akasema, akaongeza mwendo.

Mchana tulipanda mtumbwi. Kaka aliketi kwa kalio moja tu, chombo kikaenda kimeinama njia nzima, na ilipofika saa tisa akathubutu kuuliza kama bado tuna mazungumzo ya wazi. Sote watatu tulimwambia anyamaze. Baba alikuwa ameketi karibu na Mama, akimuonyesha kwa kidole jinsi mpiga kasia anavyokosea kushika kasia. Alimuonyesha kwa kunong'ona. Kwake yeye hilo lilikuwa jambo kubwa.

Yaliyofuata mjini nimesimuliwa na wasichana wa karakana.

Jumatatu Baba hakuonekana. Jumanne alikuja, akasimama nje ya mlango na tai yake, akapiga hodi. Wasichana wakasimamisha vyerehani, miguu bado kwenye makanyagio.

"Una kazi ya kushona?" Mama akamuuliza kutoka ndani.

"Hapana. Nilikuwa napita."

"Haya, upite salama."

Akapita. Alhamisi akarudi na shati mkononi. Halikuwa na kifungo cha tatu. Msichana mmoja alilipokea, akaligeuza, akaona kwamba uzi haukukatika wenyewe: ulikatwa kwa mkasi, safi kabisa. Akampelekea Mama. Mama alitazama pale palipokuwa na kifungo, akatazama mlangoni, ambako mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, baina ya mama mwenye mapazia na kijana aliyeleta suruali ya kupunguza, mikono magotini, akisubiri zamu.

"Mwambie foleni ni ndefu," Mama akasema. "Arudi Jumamosi saa saba, tukifunga. Na aje na njaa, tutakwenda kula."

Msichana akaenda, akamwambia. Baba akatoa daftari lake, akaandika siku na saa, akauliza kama kuna risiti.