Kamba Isiyosogea

"Anza tena," Mujahid alisema, akairudisha picha nyuma.

Wesonga akasogeza maikrofoni mdomoni. Kwenye kioo wanawake wanane walikuwa wameishika kamba, visigino vimezama topeni, migongo imelala karibu iguse nyasi. Ng'ambo walikuwa wanane wengine, wanene kuliko wao. Hiyo ndiyo fainali.

"Wanavutaaa! Mama wa nyuma, kiuno kama gogo la mvule, anawaambia hawa mafala leo..."

Akajikatiza mwenyewe.

"Mafala tena!" Mujahid alicheka mpaka akaishika meza. Alikuwa mtu wa Mombasa, na kila neno la Wesonga lilimchekesha hata lisipokuwa na kichekesho. "Yakhe, si uliapa hii ni filamu ya mtu kutazama na mkwewe?"

"Imeponyoka tu."

"Basi ifunge kamba, maana inaponyoka kila siku."

Chumba chao kilikuwa ghorofani, katikati ya jiji, kuta zimetundikwa mablanketi ili honi za barabarani zisiingie. Humo Wesonga alizichukua filamu za kigeni akazisimulia kwa Kiswahili, na chumvi akaongeza kwa mkono wake. Nyingi zilikuwa za ngumi na bastola. Watu walimpendea matusi. Lakini mwaka mmoja mama mkwe wake alikuwa akipita sokoni Chwele, akaisikia sauti hiyo ikitoka kwenye kibanda cha video, ikimtukania mtu mamake. Alipofika nyumbani alimpigia simu bintiye, Joyline, akamuuliza, "Huo ndio mdomo unaowalisha?" Tangu hapo hakuuliza tena habari za kazi ya mkwewe.

Sasa mama huyo alikuwa Nairobi, ameletwa kutibiwa mguu katika hospitali moja ya Parklands. Alilala Kileleshwa kwa dada wa Joyline asiye na mume, kwa kuwa hawezi kulala chini ya paa la mume wa bintiye. Kabla hajarudi Bungoma, Wesonga alitaka aisikie sauti ile ile ikisema jambo la heshima. Alitafuta kwa subira filamu ambayo bibi na mjukuu wanaweza kuitazama kwenye kiti kimoja, hakuna wa kufumbwa macho. Akaipata hii, ya wanawake wa kijiji cha baridi wanaokamua ng'ombe asubuhi na kuvuta kamba jioni.

Aliisimulia yote kwa upole. Fainali ndiyo ikamshinda. Ndani yake hakutokei kitu: kamba haisogei, watu hawasogei. Yeye aliishi kwa kujaza maneno, na kimya kwake kilikuwa kama jiko lililozimika mgeni akiwa mlangoni. Kila alipokijaza, tusi lilitangulia.

"Jumapili yenyewe ndiyo hii, wanakungoja," Mujahid alisema. "Peleka ilivyo. Mwisho watajionea."

Alasiri hiyo, Kileleshwa, Wesonga aliketi kwenye stuli nje ya mlango wa sebule, kando ya ngazi, mgongo ukutani. Kwa desturi ya kwao, mtu na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja wala hawapeani mkono. Mlango uliachwa wazi kidogo. Chai yake ililetwa huko huko. Lakini sauti yake ilikuwa imeshaingia, imeketi na watu, inasimulia.

Alisikiliza kama mshtakiwa.

"Huyo ng'ombe atampiga teke," mama mkwe alisema ndani. Kishindo, ndoo ikamwagika, na nyumba nzima ikacheka. Wesonga akapumua.

Kisha wanawake wakaingia uwanjani kwa fainali, na sauti yake ikakatika.

"Baba amenyamaza!" Nakhumicha, bintiye mdogo, alipiga kelele. "Baba, si uongee!"

"Wewe! Baba hajamaliza hapo," Joyline alimkanya.

Wesonga akatazama vidole vyake. Alijua kilichofuata: watu wangeanza kupiga gumzo, mtu angeinuka kuosha vikombe.

"Njoo kwa Kukhu," bibi alisema polepole. "Nitakwambia mimi. Unaona? Hawavuti."

"Wanafanya nini?"

"Wanangoja. Wale wanono ndio wanavuta. Hawa wameshika tu, wanawaacha wachoke. Angalia yule wa nyuma, midomo yake inacheza. Anawapa pumzi. Vuta hewa... toa. Fanya na wao."

Wesonga alisikia watoto wakipumua pamoja, kisha wakubwa. Akaisikia friji ya shemeji yake ikinguruma. Hakuna aliyesema neno, na kimya kile kilikuwa kimejaa kuliko maneno yote aliyowahi kuyatia katika filamu yoyote. Ameitazama picha hiyo mara ngapi? Midomo ya yule mama hakuwahi kuiona.

"Sasa," bibi akanong'ona.

Ukapasuka ukelele. Mtu alikanyaga sakafu kwa nguvu, na Joyline akalia, "Mama, mguu!" Wesonga akajikuta amesimama, ameshika reli ya ngazi kwa mikono miwili, mwili umelala nyuma.

Baadaye Joyline alisimama mlangoni. Nyuma yake sauti ikasema, "Joyline, mwambie baba Nakhumicha nimeisikia kazi yake. Ni nzuri. Lakini hajamaliza, na mimi sipandi gari kabla sijausikia mwisho."

"Mwambie mama," Wesonga alijibu, "mwisho ameshausema yeye."

"Mwambie mimi nimesemea mtoto mmoja. Yeye asemee watu."

"Kwani mimi ni wa nini hapa?" Joyline akauliza. "Si mnasikizana!"

Jumatatu jioni Mujahid aliiwasha picha tena. Wanawake wakalala nyuma.

"Wanangoja," Wesonga alisema, chini chini.

Mujahid akamkazia macho, akitarajia mengine. Hayakuja. Kamba ilisimama, tope likapanda vifundoni, midomo ya mama wa nyuma ikacheza, na Wesonga akapumua naye. Ghafla wale wanono wakaanguka kifudifudi, uwanja ukalipuka.

"Hukusema walipovuta," Mujahid alisema.

"Nilikuwa natazama."

"Turudie?"

Adhana ya magharibi ilianza kusikika kupitia mablanketi. Mujahid akanyanyuka kutafuta viatu vyake.

"Kasali," Wesonga alisema, akiwa bado anakitazama kioo. "Tutarudia kesho."