Spea ya Mashine ya Kukoboa

Siku hiyo mjinga alikuwa fundi Nsajigwa, na mwenyewe hakatai. Ila likitajwa jina la Catheline, afisa wa forodha pale mpakani, bado hushukuru kwa kilugha chake, "ndaga fijo", kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Mashine yake ya kuchongea vyuma pale Kyela mjini ilikuwa imesimama. Mavuno yalikuwa yameanza, na wenye mashine za kukoboa mpunga, Ipinda mpaka Busale, walikuwa wanamngoja awachongee shafti. Akaagiza kifaa chenye meno matatu, kile kinachobana chuma kisicheze kikichongwa. Kilipofika mpakani, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba vitu vya kilimo havisumbuliwi, akakitangaza kuwa spea ya mashine ya kukoboa.

"Mpunga unaingilia wapi hapa, fundi?" Catheline akauliza.

Nsajigwa alikigeuzageuza kile chuma kama ndiyo kwanza wanakutana.

Catheline angeweza kukizuia mpaka mavuno yaishe. Badala yake alicheka, akamruhusu asahihishe maelezo, akakiweka kwenye kundi la vipuri vya mashine za kuchongea vyuma, akamwambia aondoke nacho siku hiyohiyo. Mwenye akili angeshukuru akaondoka. Nsajigwa akabaki kubishana.

"Lakini dada, bila hiki hakuna shafti. Bila shafti hakuna kukoboa. Bila kukoboa, wewe huli wali! Sasa si ni cha mpunga?"

"Wali naula kila siku, fundi. Basi na mimi unitangaze spea ya mashine ya kukoboa?"