Mama wa Ukutani Hashuki

Picha haishuki. Coletha alishasema, na watu wa Bagara, mtaa wake pale Babati, wanamjua: yule mama akisema haishuki, hata uje na trekta haishuki.

Ilikuwa picha ya mwanamke wa Kizungu, ya zamani hasa, mistari myembamba ya wino mweusi kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Shingoni lulu, nywele zimepandishwa juu kama kichuguu, na gauni limetuna kuanzia kiunoni kwenda chini, limetuna kweli kweli. Coletha aliachiwa picha hiyo na padri mmoja mzee wa Kizungu kule Mbulu, siku padri alipokuwa akifungasha kurudi kwao, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimfulia. Padri hakueleza ni nani. Na Coletha naye aulize nini? Picha imetoka kwa padri, basi huyo ni mtakatifu. Tumbo ndiyo lile, basi ni mjamzito. Akamwita Mama wa Wajawazito, akahamia naye Babati, akamtia kwenye fremu ya kioo, akamtundika sebuleni. Tangu hapo wanawake wa mtaa ule hawaendi kujifungua bila kupita kwanza kugusa kioo chake. Wakatoliki walikuja, na Walutheri nao walikuja, ila wao walipitia mlango wa nyuma.

Safari hii zamu ilikuwa ya Hellen, mke wa mwanawe Vitus. Mimba mbili zilishatoka, na hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tisa. Coletha alikuwa amemkabidhi mkamwana wake kwa yule mama kwa maneno mazito, huku analia. Hofu yake ilikuwa moja tu: picha ikishuka kabla mtoto hajalia, watampoteza na huyu.

Sasa ndipo akaja Sosthenes, mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa.

"Mama Vitus, Jumamosi tunasali kwako, na Padri Egidius atakuwepo. Ni mgeni parokiani, hajatuzoea. Hebu ishushe hiyo picha. Haina hata duara la nuru kichwani! Utatuaibisha."

"Thubutu!" Coletha akaweka ungo chini. "Mkeo aliposhikwa na uchungu wa wale pacha, si ulikuja hapa mbio, viatu umevaa kushoto kulia? Siku ile ulitafuta duara?"

Sosthenes akageuka kuondoka. "Basi Padri mwenyewe ataamua."

"Aamue. Atanikuta nimekaa chini yake."

Na kweli, Jumamosi alimkuta. Ilikuwa Novemba, mwezi wa marehemu, ambapo jumuiya ikisali katika nyumba, wenye nyumba hutaja wafu wao ili wote wawaombee. Sebule ilijaa mpaka barazani. Coletha alikuwa amekalia kigoda chake ukutani chini ya picha, mikono kifuani, kama mtu anayelinda shamba la mahindi dhidi ya nyani.

Padri Egidius, kijana mpole, alimsalimu vizuri, kisha akainua macho. Akasogea. Akavaa miwani.

"Bibi, hii ni kazi ya zamani sana. Fundi alichonga sura hii kwenye bamba la shaba, mstari kwa mstari, akapaka wino, akagandamizia karatasi." Akayafuata kwa kidole maandishi ya chini. "Ni Kilatini. Anaitwa Sofia. Lakini huyu si mtakatifu, Bibi. Alikuwa mke wa mtawala mmoja huko Ulaya."

"Na tumbo?"

"Si mimba. Ndivyo walivyovaa wakubwa. Walifunga kitu kama tenga chini ya sketi ili itune."

Mtu akacheka huko barazani. Uso wa Coletha ukawaka moto. Miaka yote ile, jamani, amewapeleka wanawake kwenye tenga! Lakini akaona Padri amenyamaza ghafla, kidole kimekwama kwenye mstari wa mwisho.

"Malizia."

"Inatosha, Bibi."

"Padri, malizia. Nimeongea naye kuliko nilivyoongea na dada zangu. Nina haki ya kumjua."

Padri akavua miwani. "Inasema alifariki akijifungua. Yeye na mtoto. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja."

Hellen akajishika tumbo.

"Mmeona?" Sosthenes akainuka. "Huu ni mkosi! Toka hapo, Mama Vitus, niutoe."

Roho ya Coletha ilimruka, asikudanganye mtu. Aliogopa. Lakini ile miaka ishirini na mmoja ndiyo iliyomshika, haikumwachia. Ni mdogo kuliko Hellen! Na lulu zake zote zile, nani alimshika mkono siku ile?

"Keti, Sosthenes," akasema, na Sosthenes akaketi. "Sisi wanawake wa mtaa huu wote tumembebesha uchungu wetu. Wa kwake hatukumuuliza hata siku moja. Padri, kama si mtakatifu, si ni marehemu?"

"Ni marehemu, Bibi."

"Na marehemu tunamfanyia nini mwezi huu?"

"Tunamwombea."

"Haya, tumwombee. Hashuki mtu hapa."

Kisha akamgeukia Hellen, maana hilo ndilo lililokuwa likimchoma. Kama Hellen angesema ishushwe, angeishusha mwenyewe, kwa mikono yake. Hellen akainuka taratibu, akavuta kiti chake, akaja kuketi chini ya picha, bega kwa bega na mkwewe.

"Abaki, mama," akasema.

Sosthenes akakohoa. Ikabidi aanze sala kama mwenyekiti. "Nyumba hii inamwombea nani?"

"Mume wangu, Teodori," akajibu Coletha. "Na Sofia."

"Sofia wa ukoo gani?"

"Wa hapa hapa. Ni binti yangu, alinifia kwa uzazi."