Vya Mtaa Mzima

Asubuhi ya pili tangu aegeshe nje ya ukuta wa mdogo wake, Fundi alifungua kilango kidogo ubavuni mwa gari, akavuta boksi la kupokea uchafu wa choo cha humo garini, na boksi likagoma. Lilikuwa zito. Alilivuta kwa mikono miwili, akakuta limejaa mpaka kwenye kizibo, ilhali tangu afike alikuwa amelikalia mara moja tu. Akafungua, akachungulia, akafunga. Halafu akavaa glovu za mpira, akalipakia kwenye kitoroli, akalikokota hadi kituo cha mafuta pale kwenye kona, ambako mlinzi alimruhusu kumwaga chooni kwa sababu alikuwa amemshonea zipu ya suruali. Aliporudi akanawa, akachemsha chai.

Huu ulikuwa mwaka wa sita Fundi anaishi garini. Zamani lilikuwa gari la kusambaza mikate, na jua likilipiga kwa upande ungeweza kuyasoma bado maneno ya kusifu mkate chini ya rangi ya buluu. Ndani kulikuwa na kitanda ambacho mchana kiligeuka meza, jiko la gesi, madumu ya maji, na cherehani iliyofungwa kwa boliti karibu na dirisha. Fundi alizunguka miji akishona sare za shule. Kila alipoegesha aliweka bilauri ya maji mezani aone kama gari limelala sawa, akasukuma ubao chini ya gurudumu hili au lile, na maji yakitulia, basi amefika nyumbani. Watu walimwonea huruma kwamba hana kwake. Aliwaacha waone huruma, maana haikumpunguzia usingizi.

Safari hii hakuja kushona. Mama yao alikuwa amedhoofu, naye aliishi kwa huyo mdogo wake, ambaye kila mtu, mkewe akiwemo, alimwita Bosi. Fundi alitaka kitu kimoja: amchukue mama waishi naye garini, wawili wao, waende popote mama atakapotamani kupaona. Bosi alisema hilo watalizungumza. Kwa sasa aegeshe nje.

"Ndani tumeweka vigae vipya, dada," alisema. "Gari lako lisije likavuja oili."

Asubuhi ya tatu boksi lilijaa tena, na ya nne pia. Fundi akaanza kutazama kilichomo, na mwenye roho nyepesi anaweza kuruka maneno yanayofuata. Mlikuwamo kuku mzima aliyesahauliwa kwenye friji mpaka akageuka rangi. Mlikuwamo nywele za bandia, na vidonge vya kupunguza tumbo vya Mwenyekiti wa mtaa, mtu ambaye hadharani aliwahubiria wenzake faida za kutembea kwa miguu. Na mlikuwamo vinyesi vya nyumba zote, kila kimoja na tabia yake. Vilienea vipi kwenye boksi la ukubwa wa begi la shule, hakuna aliyeuliza, vilienea. Fundi, aliyezoea kujua kiuno cha mtu kwa kumtazama akipita, hakuchukua muda kuwatambua wenyewe. Bosi alimjua papo hapo. Tangu utotoni alikuwa hatafuni.

Akamwambia mke wa Bosi pale getini. "Wifi, vyenu vyote vinakuja kwangu."

"Kumbe ndiyo maana," wifi akasema. "Mimi nilimwambia Bosi, choo chetu siku hizi kinavuta vizuri mno."

Dereva wa gari la kunyonya majitaka alikuja kwa zamu yake, akafunua shimo la nyumba moja, akafunua la pili. Yote yalikuwa makavu. Akasema humo sasa mtu anaweza kuhifadhi unga, akakunja bomba lake, akaenda zake.

Waliopita kando ya gari waliziba pua. Walikuwa wakinusa chakula chao cha jana, lakini waliyemkunjia uso ni Fundi. Wanawake waliomletea nguo za kupunguza walizipitisha dirishani kwa ncha za vidole, na wakija kuzichukua walizinusa kwanza mbele yake, bila haya. Mwenyekiti alimsihi kwa upole, kama anavyosihiwa mgonjwa, ajitahidi kuwa msafi. Fundi alimtazama tumbo lake. Alikuwa anajua mengi mno kuhusu tumbo lile.

Wiki ilipokwisha, akagundua kwamba kimoja hakimo. Cha mama.

Alikuwa amemuuguza mama mwaka ule alipovunjika nyonga, akimfuta na kumgeuza, kwa hiyo hangeweza kukosea. Cha mama hakikuwamo hata kidogo. Badala yake, kila asubuhi juu kabisa, kulikuwa na uji. Uji mweupe wa maziwa, laini, ambao haujapita kooni mwa mtu. Siku nyingine supu, siku nyingine mkate uliolowekwa kwenye chai. Chakula cha mama kilitoka jikoni kikaenda chooni kwa njia ya mkato, bila kumpitia mama. Fundi alisimama na kizibo mkononi, kisha akainama kando ya gurudumu akatapika. Kwa vya mtaa mzima hakuwahi kutapika. Alitapikia uji safi.

Akaoga, akavaa gauni lake la kutokea, akaomba kumwona mama. Walimketisha mama sebuleni kwenye kiti kilichofunikwa nailoni, amechanwa nywele, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, na wifi amekaa karibu. Fundi alisema anataka kumshonea gauni. Akatoa tepu, akaizungusha kiunoni mwa mama, ikazunguka ikabaki nyingine ndefu ikining'inia. Mama alimshika mkono akamvuta karibu, macho yakimcheka kwa fahari.

"Siku hizi nalala mkavu mpaka asubuhi, mwanangu. Muulize wifi yako."

"Kabisa," wifi akasema. "Mama ametulia sana."

Fundi alimfuata wifi jikoni. Alitaka kupiga kelele, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo. "Mama hali, wifi."

"Anakula. Anakula kiasi, asije akajichafua." Wifi alikuwa akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Usinihukumu. Wewe hujui kazi ya kufua mashuka ya mtu mzima kila siku ya Mungu."

"Mimi nabeba vya mtaa mzima."

"Basi unajua yanavyonuka."

Jioni Bosi akasema kuhusu lile jambo amelifikiria na haliwezekani. Mama yake kulala kwenye gari, watu wamweleweje? Angeweza kufikiria kama lingekuwa gari la maana. "Na lako linanuka, dada. Usikasirike, nakwambia kwa sababu nakupenda."

"Linanuka nyinyi."

"Linanuka," Bosi akasema. "Nani amelinukisha, hayo ni mengine."

Jumamosi Bosi na mkewe walikwenda harusini. Fundi alipitia mlango wa nyuma, akamkuta mama kwenye chumba cha mwisho, kitanda kimetandikwa nailoni, hakuna kikombe wala jagi. Akambeba. Alikuwa mwepesi kama jora la kitambaa lililokaribia kuisha. Akamlaza kitandani mwake, akawasha gari, na mama akauliza kama wanakwenda mbali. Fundi akasema ndiyo. Mama akasema vizuri.

Waliegesha nje ya mji, kwenye uwanda mpana chini ya mnara wa simu. Fundi alichemsha mayai, akaponda wali na maziwa, akamlisha mama taratibu. Sahani ilipokwisha mama aliitazama sana. "Naruhusiwa kuongeza?" akauliza. Fundi aligeukia jiko ili mama asimwone uso, akaongeza. Mama akala, akanywa maji, akanywa tena, akalala. Alipoamka kitanda kilikuwa kimechafuka, naye akaanza kulia na kuomba radhi kama mtoto aliyevunja chombo cha mgeni.

"Jichafue mama," Fundi akasema. "Mashuka nashona mwenyewe."

Alimfuta, akambadilisha, akayaloweka mashuka kwenye beseni. Alikuwa na furaha hata akaimba. Kile ambacho hakukiona kwa muda wote ule sasa kilikuwapo, na alikisalimu kama mgeni aliyengojewa.

Kule mtaani vyoo vilikuwa vimeanza kurudisha. Gari lilipovuka tu barabara kuu vikaguna, vikapanda, vikamwaga kila kitu tangu siku aliyoegesha Fundi, vya karibuni kwanza na vya zamani nyuma yake, kwa utaratibu mzuri. Vigae vipya vya Bosi vilifunikwa hadi kwenye kapeti. Kwa Mwenyekiti vinyesi vilishuka ngazi. Watu waliitwa kutoka harusini na kutoka sokoni, na wote bila kushauriana walijua la kufanya: gari lirudi. Dereva wa majitaka alisema amelipita chini ya mnara wa simu.

Bosi alifika na suti yake ya harusi, Mwenyekiti amekunja suruali hadi magotini, na lile gari la majitaka nyuma yao. Bosi alipanda ndani, akaona beseni, akaweka leso puani.

"Umemfanya nini mama? Ona alivyojichafua!"

"Amekula," Fundi akasema.

"Ndiyo nasema!"

"Niacheni hapa kidogo," mama akasema. "Hapa pazuri."

"Mama haelewi anachosema," Bosi akamwambia Mwenyekiti, na Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa masikitiko. Walitandika nailoni kwenye kiti cha nyuma cha gari la Bosi, wakamweka mama juu yake. Fundi alimng'ang'ania mkono, nao wakambandua kidole kimoja kimoja, kwa adabu, wakimwita dada. Gari lake lilifungwa mnyororo, likakokotwa hadi nje ya ule ukuta. Lilipotulia tu, vyoo vikanyamaza, na maji masafi yakaonekana ndani yake.

Mkutano ulifanyika kwenye gereji ya Mwenyekiti, sakafu ikinuka dawa ya kusafishia. Fundi alipewa nafasi ya kusema, akasema yote. Akasema mama yake ananyimwa chakula ili asichafue shuka. Akasema uji. Akasema sebule, mafuta, kile chumba kisicho na kikombe. Watu walimsikiliza kwa utulivu. Kisha mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole akasema hata wao baba mkwe wao humpa mara moja tu kwa siku, na maji humkatia kuanzia saa kumi, na kwa kweli imesaidia sana. Mwingine akauliza, saa kumi au saa tisa? Wakaelekezana. Fundi alikumbuka kwamba hata huyo baba mkwe hakuwahi kumkuta kwenye boksi.

"La mama ni la ndani ya familia," Mwenyekiti akahitimisha. "La vyoo ni la mtaa." Mikono yote ikanyooka.

Walikuja na jeki, wakalipandisha gari juu ya matofali, wakang'oa magurudumu yote na la akiba, wakayafungia stoo kwa Bosi. Hawakuwa watu wabaya, wenyewe walisema hivyo. Walimvutia bomba la maji, wakamletea ua kwenye chungu na kopo la manukato ya kupulizia. Kumwona mama ndani hakuruhusiwa tena, kwa sababu ya harufu, ila angeweza kumpungia mkono siku za Jumapili anapotolewa barazani. Alimpungia. Mama naye alipunga, mkono ukiwa mwembamba kuliko Jumapili iliyopita.

Asubuhi moja, juu ya uji, Fundi akakuta meno ya bandia ya mama, ya juu na ya chini. Aliyatambua kwa pengo dogo ambalo mama aliomba mwenyewe watengeneze, ili yafanane na yake ya ujanani. Aliyaosha, akayachemsha, akayaosha tena kwa chumvi. Akakata kitambaa kipya cheupe, akakipinda kingo kwa mashine, akayafunga humo, akaenda kugonga geti.

Wifi alikipokea kifurushi kwa vidole viwili, akakifungua, akatabasamu. "Asante sana, wifi. Tuliyatafuta nyumba nzima."

"Mpe mama. Hawezi kutafuna bila hayo."

"Nampa sasa hivi," wifi akasema, akafunga geti.

Kesho yake Fundi alifungua kilango, akavuta boksi kwa mikono miwili, na meno yalikuwamo tena, yakiwa bado yamefungwa kwenye kile kitambaa.