Siku Nilipotambaa Kutafuta Besi

"Bibi, usiinuke kwanza. Sogea kidogo kushoto, halafu sikiliza tena."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya nyumba yangu mwenyewe, gauni nimelikunja, viganja chini, kichwa nimekiinamisha upande kama kuku aliyesikia kitu majanini. Nilikuwa na miaka sabini na mmoja. Kwenye kiti cha mjukuu wangu, pale anapokaa kufanya kazi, hakukaa mtu. Lilikaa sanduku jeusi la spika, limewekewa mto kama mgeni wa heshima, likirudia noti zile zile nane za besi, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma yangu, naye kwa magoti, chaki mkononi.

Jirani angechungulia dakika ile angekimbia kumwita binti yangu. Na binti yangu wiki ile alikuwa anatafuta sababu tu.

Acha nieleze tulifikaje huko chini.

Chumba kile kilikuwa stoo. Hatua tano kwa nne, dirisha moja, mlango unaokwaruza sakafu wakati wa mvua. Mjukuu wangu alipomaliza masomo akasema anataka kurekodi watu wanaoimba, nikamwambia achukue. Nilizuia kitu kimoja, kiti changu cha mikono kilichoegemea ukuta wa dirisha, ambapo hushona soksi jioni jua likipungua.

"Kila kitu kitoke, kiti kibaki," nilimwambia.

"Kiti chako nani atakigusa, mke mwenzangu?" akanijibu. Ndivyo tunavyotaniana.

Akatundika magodoro mawili ya zamani ukutani, akatandika zulia, akaweka meza, kompyuta, na spika mbili ambazo ungeweza kuzibeba kwapani kama mikate. Mama yake, yaani binti yangu, ni muuguzi, mtu wa saa ya kuingia na saa ya kutoka. Alitazama magodoro yale ukutani kama anayetazama mgonjwa asiyetaka dawa. Akamtafutia mwanawe nafasi ya mapokezi hospitalini, na wakakubaliana mbele yangu. Kazi ya kwaya ya walimu aliyokuwa anairekodi ikipokelewa, studio iendelee. Ikirudishwa, Jumatatu inayofuata mtoto avae sare akaandikishe wagonjwa.

Kazi ikarudishwa.

Mwalimu wa kwaya aliileta mwenyewe, mtu mwembamba aliyefunga vifungo vyote vya shati mpaka cha shingoni. "Humu ndani wimbo ni mtamu," alisema. "Nikiupeleka kwenye gari langu, unanguruma kama lori linalopanda mlima. Maneno yako wapi? Sisi tuliimba maneno." Akampa mpaka Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Mjukuu wangu hakulia. Alikaa akiuma kucha ya kidole gumba, kisha akanieleza polepole kilichomponza. Spika zake zile ndogo hazishuki mpaka kwenye sauti nene za chini kabisa. Alikuwa akiongeza besi asiyoisikia, akidhani ni pungufu.

"Kama mpishi mwenye mafua," nikasema. "Kila akionja anaongeza chumvi."

"Hivyo hivyo, Bibi."

"Sasa mpishi apate pua."

"Inaitwa sabufa," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Muuza spika aliitwa Profesa na mtaa mzima, kwa sababu ya miwani yake na kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua. Alituonyesha mbili. Moja ilinifika kiunoni, inchi kumi na mbili, ina tundu mbele la kupumulia na taa ya buluu inayowaka wimbo ukianza. Nyingine ilikuwa sanduku la inchi nane, limezibwa pande zote, halina taa, halina pambo.

"Hii kubwa," Profesa alisema akiipigapiga mgongoni, "ukiifungulia, hata watu wa mtaa wa tatu watacheza."

"Watu wa mtaa wa tatu wameomba kucheza?" nikamuuliza.

"Bibi yako ana maneno huyu."

"Ana masikio pia," mjukuu wangu akasema. Akamwachia kitambulisho chake, nasi tukaondoka na zote mbili kwenda kuzijaribu, kwenye mkokoteni, nimeishikilia ile kubwa kama bibi harusi asianguke.

Aliposema nina masikio hakuwa ananisifu tu. Miaka thelathini na miwili nilifua mashuka ya hospitali. Mashine zetu zilikuwa sita, kila moja kubwa kama choo cha nje, na kelele zake zilinichukulia sauti zote nyembamba, za ndege, za filimbi ya birika, za watu wanaosengenya karibu yangu. Hizo za mwisho sizililii. Lakini sauti nene ziliniachia. Nilikuwa nikijua kwa nyayo kwamba beringi ya mashine namba tatu imechoka, siku mbili kabla fundi hajaijua kwa bisibisi.

Tulianza na ile kubwa. Mjukuu wangu aliiweka kwenye kona, taa ya buluu ikawaka, na besi ilipoingia vikombe vyangu vya jikoni vilisalimiana kabatini. Alirusha mikono juu. "Bibi! Umeisikia?"

Nani asingeisikia? Macho yake yaling'aa, na mimi ni bibi yake. Nusura niseme ndiyo. Nusura nimwachie furaha ile mpaka Jumamosi.

"Zima kidogo," nikasema. "Hizo noti ziko ngapi?"

"Nane."

"Mimi nimehesabu kama nne na nusu. Ya kwanza haijaaga, ya pili imeshaingia, ya tatu inasukuma mlango. Ni mashuka yaliyotoka mashineni yamefungamana, hujui lipi lina doa."

Akapiga tena, akafumba macho. "Ila wateja wanapenda kutikiswa," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayejua ameshindwa kesi.

"Wanaotaka kutikiswa wapande lori la mwalimu."

Tukaiweka kando, tukachukua lile sanduku dogo. Kwenye kona nalo lilitudanganya. Noti ya tatu ikafura, ya tano ikatoweka kabisa, kama ngazi iliyong'olewa kidato. Nikasema basi, zote hazifai, nikaenda zangu sokoni. Niliporudi ndipo aliponifundisha jambo nililodhani ni mzaha. Chumba kidogo, alisema, kinameza besi mahali fulani na kuitapika mahali pengine. Usiweke sabufa popote na kuomba Mungu. Iweke kwenye kiti chako wewe msikilizaji, kisha wewe ndiye utambae kando ya kuta. Mahali utakaposikia noti zote zimelingana, hapo ndipo pa sabufa, nawe urudi kwenye kiti chako utazisikia vilevile.

"Kwa nini usitambae wewe mwenye magoti mapya?"

"Nimetambaa ulipokwenda sokoni. Wimbo nimeuzoea mno, Bibi. Nasikia hata kisichokuwepo."

Basi nikashuka chini. Nilianza mlangoni: noti ya sita ilikuwa nyonge. Nikapita chini ya magodoro, nikapita kando ya meza, vumbi likinikumbusha kwamba hakuna aliyefagia huko tangu studio ifunguliwe. Kila nilipofika nilitaja namba, naye akaandika sakafuni. Pa kusifia hapakuwepo. Nikafika kwenye mguu wa kiti changu cha mikono, nikasimama.

"Hapo ruka," akasema upesi. "Pale mlangoni panatosha. Nitajitahidi."

"Panatosha kwa lipi?"

"Bibi, tulikubaliana. Kiti kibaki."

Nilimtazama. Chaki ilikuwa imempaka pua nyeupe, na alikuwa anamaanisha. Angechukua mahali pabovu, akaenda Jumamosi na noti nyonge mkononi, kuliko kunidai kiti. Nikakiegemeza bega kiti kile, nikakisukuma mpaka katikati ya chumba, kikilia kwenye sakafu njia nzima. Kisha nikainamisha tena kichwa, pale kiti kilipokuwa.

Moja. Mbili. Tatu. Zilikuja kama vidato vya ngazi iliyojengwa na fundi asiye na haraka, kila kimoja na upana wake, mpaka nane, na kurudi chini. Sikuwa nimewahi kusikia kitu kilichonyooka hivyo tangu siku mashine zote sita zilipofungwa beringi mpya kwa pamoja.

"Weka alama ya chaki hapa," nikamwambia.

Siku tatu zilizofuata alifanya kazi kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, akiondoa chumvi aliyoijaza. Nilikaa katikati ya chumba kwenye kiti changu kilichohama, mahali ambapo, nikiri, palikuwa na mwanga mbaya wa kushonea. Ile kubwa tuliirudisha kwa Profesa. Alipoipokea alisema tangu mwanzo alijua tutachagua ndogo.

Jumamosi mwalimu wa kwaya alikuja saa tatu asubuhi. Hakutaka kusikiliza ndani. Alichukua nakala yake akaenda kuketi kwenye gari, vioo vimefungwa, nasi tukasimama mlangoni tukimtazama kama watu wanaosubiri daktari atoke. Wimbo uliisha. Akaurudia. Akaurudia tena, safari hii kipande kile kile, mara mbili, mara tatu. Mjukuu wangu alinishika kiwiko.

Hatimaye mwalimu akashuka, uso umekunjamana.

"Maneno yanasikika," alisema. "Yote. Lakini ubeti wa pili kuna mtu wa besi anashuka kabla ya wenzake. Kwenye ile ya kwanza hakuwepo."

"Alikuwepo, Mwalimu. Ngurumo ilimficha."

"Ni nani?"

Mjukuu wangu akatazama viatu vyake. "Waimbaji wa besi mlikuwa wawili."

"Najua. Mimi na seremala."

"Seremala alikuwa anakohoa siku ile. Ubeti wa pili hakuimba."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lake, akaivaa, akaivua tena. Nilijishughulisha na kitasa cha mlango.

"Jumanne una nafasi?" akauliza.

"Ninayo."

"Nitakuja peke yangu." Akafika kwenye gari, akageuka. "Kwaya isijue. Zaidi ya wote, seremala."

Gari lilipokata kona tulicheka mpaka tukashikana mabega. Kisha nikamwambia ampigie mama yake, kabla hawajamshonea sare. Alipiga akiwa amesimama uani, akazungumza kwa ufupi, akiitikia zaidi kuliko kusema. Alirudi ndani akisema mama amekubali, sare apewe mwingine, akakaa, akaufungua wimbo kwenye ubeti wa pili, akaanza kutenga nafasi ya sauti moja.