Klachi ya Hildegarda

Siku giaboksi ya otomatiki ya gari ilipokata kauli kwenye mwinuko wa kutoka Kilosa, watu wawili waliipokea habari ile kila mmoja kivyake. Hildegarda, mwenye gari, muuza mashuka wa gulioni Mikumi, aliona biashara yake imeota mbawa. Mumewe Ngolo alifurahi, tena alifurahi sana, ila alijua kutoionyesha furaha hiyo usoni.

Ngolo alikuwa dereva wa matrekta ya miwa kule Ruhembe. Gari linalojibadilishia gia lenyewe alilidharau waziwazi, akisema hilo haliendeshwi, linabembelezwa. Basi safari zote alikuwa akikaa pembeni, furushi la mashuka mapajani, mkewe akishika usukani. Sasa alikuja na habari nzito: giaboksi kama ile iliyokufa haipatikani, lakini ya gia za mkono ipo, imetolewa kwenye gari la aina hiyohiyo lililopinduka. Yeye na rafiki yake Ditram, fundi, wangeifunga palepale uani.

"Halafu nani ataendesha?" Hildegarda aliuliza.

"Mimi si nipo, Mama Loveth? Wewe utapumzika."

Apumzike! Alijifunza udereva kwa jasho lake, akanunua gari kwa jasho hilohilo, na leo aombe lifti kwa mume, tena siku mume akiwa na nafasi. Na siku za gulio Ngolo hakuwa na nafasi hata ya kunywa chai. Iliuma. Akakubali, kwa kuwa gari lililolala uani halikumfaa yeyote.

Kazi ikaanza, na lazima tuseme ukweli, ilinoga. Gari lilipandishwa juu ya magogo, giaboksi ya zamani ikashushwa kwa mnyororo, sakafu ikatobolewa pa kupitishia mkono wa gia, na pedali ya tatu, ya klachi, ikafungwa kando ya breki. Hata Hildegarda, aliyekuwa ameapa kununa, alijikuta akishika tochi na kuuliza hiki ni nini na kile cha nini.

Ikabaki kutoa upepo kwenye bomba la klachi. Ditram alilala chini ya gari, Ngolo akasimama penye boneti kuongeza mafuta ya klachi, na wa kukaa kwenye usukani akawa Hildegarda.

"Kanyaga, shemeji," Ditram alisema. "Shikilia. Haya, achia polepole."

Mwanzoni pedali ilikuwa laini kama uji. Bomba lilikuwa kuukuu, upepo haukuisha, na mchana mzima ukawa ni kanyaga, shikilia, achia. Mguu wake wa kushoto, ambao miaka yote ya udereva ulikuwa umekaa bure, uliwaka moto. Kisha pedali ikaanza kuwa ngumu, naye akagundua kitu: kuna mahali, katikati ya kuachia, ambapo klachi inakuitikia. Akaanza kupatafuta mahali pale kwa makusudi. Alipapata, akapapoteza, akapapata tena. Hakumwambia mtu.

Jioni Ngolo alikaa kwenye usukani kama bwana harusi, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya kilekile.

Ditram akajipiga paji la uso. "Ni ule waya wa usalama. Otomatiki haikubali kuwaka mpaka gia iwe kwenye P, ya kuegesha, na P yenyewe tumeitupa kule. Kesho nitaunganisha."

"Kesho ya nini?" Ngolo alisema. "Hii sasa ni gari ya gia za mkono, inawaka hata kwa kusukumwa. Sukumeni."

Majirani wakaitwa, wakasukuma mpaka mishipa ikawatoka. Gari liligoma kwenye mchanga wa uani.

"Shuka, bwana," Ditram alihema. "Mwenye nguvu kuliko wote ndiwe uliyekaa."

Ngolo alishuka kwa shingo upande, akamweka mkewe kwenye kiti. "Kanyaga klachi. Gia ya pili, vuta huku nyuma. Nikisema achia, achia."

Wakasukuma, gari likatoka mchangani, likashika mteremko wa barabarani. "Achia," Ngolo alipaza sauti, lakini mguu ulikuwa umeshaanza kuachia. Gari likashtuka, likakohoa, na kabla halijazima Hildegarda akakanyaga tena kidogo, mahali palepale alipopajua, akaongeza mafuta. Injini ikanguruma. Watu wakashangilia, na Hildegarda akacheka peke yake ndani ya gari mpaka machozi yakamtoka.

Alikwenda hadi njia panda, akazunguka kwa gia ileile, akarudi. Mbele ya Ngolo akakanyaga klachi, gari likawa linajikokota, injini ikiendelea kunguruma.

Ngolo akakimbia sambamba naye, dirishani kwake. Angeweza kumwambia aitoe gia, aweke fri, asimame, wabadilishane viti. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale, na Hildegarda alijua kwamba analijua. Mumewe alimtazama usoni kidogo, akaangalia mguu wa kushoto jinsi ulivyotulia juu ya pedali, kisha akazunguka nyuma ya gari, akafungua mlango wa upande wa pili, akarukia ndani.

"Baba Loveth," alisema Hildegarda, bado anahema, "gia ya tatu iko wapi?"

Ngolo akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mkewe ulioshika gia, wakaisukuma pamoja.