Jina Alilolikwepa Shangazi

Sikitu, fundi cherehani, alizaliwa mtoto wa pekee katika nyumba iliyokuwa ikingoja mvulana. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa mtoa majina wa ukoo. Alimtazama mtoto, akamtazama mama aliyelala hoi, akasema, "Huyu ni Sikitu." Maana haikuhitaji mkalimani: mtoto si kitu, na aliyemzaa si kitu vilevile. Lilikuwa kombora la wifi kwa wifi, kichanga akabebeshwa.

Tangu hapo shangazi hakumtaja mama huyo kwa jina. Alimwita "yule mwanamke", hata siku ya kumzika. Sikitu alisikia, akameza, lakini hakusahau.

Sasa Sikitu naye alikuwa na binti wa wiki tatu, na shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto, alikuja amejipamba, mkononi kitambaa cheupe.

"Nitarizie jina langu hapa, mwanangu. Binti wa kwanza humrithi shangazi. Nikifa, nani mwingine atalibeba?"

"Niachie, shangazi. Kesho uje uchukue."

Mume wa Sikitu alimuuliza kama kweli atampa yule bibi heshima hiyo. "Nitampa anachostahili," alijibu, akatunga uzi mwekundu kwenye sindano. Alitarizi bila haraka, kila herufi akiifunga fundo kwa nyuma. Alikuwa na furaha mbaya, na hakuionea haya.

Kesho yake shangazi akavaa miwani, akakunjua kitambaa. Lilikuwa jina la wifi yake.

"Nini hiki?"

"Jina la mtoto. Cheti kimeshatoka."

"Fumua!"

"Fumua mwenyewe."

Shangazi akachokoa kwa kucha, mafundo hayakulegea. Akakaa kitako. "Na langu je?"

"Utakwenda nalo, shangazi. Ukitaka mjukuu, yuko ndani. Mwite."

Chumbani mtoto akaanza kulia. Maziwa yalimchoma Sikitu kifuani, lakini aliinamia cherehani akaendelea kushona. Kilio kikapanda. Shangazi akavumilia, akashindwa, akajikokota hadi kitandani. Akabembeleza kwa "mama", kwa "mwanangu", kwa "malaika", wapi! Mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetema mwiba, akalitamka lile jina.

Mtoto akanyamaza.

Sikitu akasimamisha cherehani.

"Sijasikia, shangazi," akasema. "Rudia."